Tiketi na mizigo ya kwenda Dominica (siyo Jamhuri ya Dominika)

Kutoka Toronto:
Wapendwa, habari za wikendi. Mdogo wangu kapata kazi Roseau, Dominica, anaondoka hapa kwangu mwezi ujao. Wakala wa tiketi kanitafutia safari ya bei nafuu ya Santo Domingo, anasema ni kulekule. Mizigo yake mingine nitaituma baadaye. Anayekujua huko anisaidie kabla sijalipa.

Kutoka Bridgetown:
Dada, usilipe! Santo Domingo ni mji mkuu wa Jamhuri ya Dominika, nchi inayozungumza Kihispania yenye watu zaidi ya milioni 10, inayopakana na Haiti. Dominica ni kisiwa kingine kabisa, kati ya Guadeloupe na Martinique, watu kama 70,000, na lugha ya serikali ni Kiingereza. Neno "jamhuri" halitenganishi kitu, maana Dominica nayo ni jamhuri tangu uhuru wake, 3 Novemba 1978. Jina rasmi ni Commonwealth of Dominica. Liandike hivyo kila mahali, na kwenye anwani ongeza West Indies.

Kwenye tiketi tafuta DOM, ndiyo alama ya uwanja wa Douglas-Charles, Dominica. Santo Domingo ni SDQ. Lakini kuna mtego: kwenye pasipoti na fomu za serikali, DOM ni Jamhuri ya Dominika, Dominica ni DMA. Karani mwenye haraka huchanganya hapo, kwa hiyo mdogo wako asiondoke kaunta kabla ya kusoma lebo iliyobandikwa kwenye begi lake. Vyeti vya kazi abebe mkononi, tafadhali, asiviweke kwenye begi hilo wala wewe usivitume.

Ukituma mizigo, mwombe karani akusomee nchi aliyochagua, kwani majina hayo hufuatana kwenye orodha. Namba ya mpokeaji nayo inasaidia: za Dominica huanza na 1-767. Ukiona 809, 829 au 849, ni Jamhuri ya Dominika.

Kutoka Miami:
Naongezea. Ndege za moja kwa moja kutoka Miami zipo, ila kwa pasipoti ya Tanzania au Kenya kupita hapa kunadai viza ya Marekani hata kama mtu anabadilisha ndege tu. Kama hana, atafutiwe njia ya Barbados.

Pesa za huko ni dola ya Karibiani ya Mashariki. Dola 1 ya Marekani ni 2.70, haijabadilika tangu 1976. Risiti ikiandika peso, hiyo ni pesa ya Jamhuri ya Dominika, simamisha malipo palepale.

Na msimu wa vimbunga ni Juni hadi Novemba. Maria ya Septemba 2017 iliivunja vibaya Dominica. Habari za kimbunga zikitoka, hakikisheni kwanza ni nchi ipi kabla ya kuwapigia wazee nyumbani.

Kutoka Toronto:
Mungu awabariki. Viza ya Marekani hana, kwa hiyo nimemwambia wakala atafute ya Barbados.