Tupeane uzoefu: sabufa ya kompyuta inayopanda na kushuka sauti yenyewe

Wakuu, heshima kwenu.

Nipo Nkuhungu, Dodoma. Nina sabufa yenye spika mbili ndogo, nimeifunga kwenye kompyuta ya mezani mwaka wa sita sasa. Mwezi wa nane mwaka jana ikaanza vituko: nasikiliza taarifa ya habari kwa sauti ya chini, ghafla inalipuka mpaka mtoto anaamka. Nikishusha, upande wa kushoto unakufa kabisa. Nikigusa tu kitufe cha kuzungushia sauti, kraa kraa kraa.

Nilishaanza kuulizia bei ya nyingine. Kabla sijatoa hela nikachomoa waya kwenye kompyuta, nikauchomeka kwenye simu. Ugonjwa ule ule. Basi kompyuta haina kosa. Nikachomoa umeme, nikasubiri kama nusu saa (kapasita za ndani hubaki na chaji, msifanye haraka hapo), nikafungua skrubu za nyuma. Vumbi letu la kiangazi mnalijua. Lilikuwa limelala jekundu juu ya bodi yote. Sasa, ndani ya kitufe cha sauti kuna njia nyembamba ya kaboni, na kidole cha chuma kinateleza juu yake. Kidole kikikanyaga vumbi, mguso unakatika na sauti inaruka. Nikapulizia dawa ya kusafishia viungio vya umeme kwenye upenyo ulio karibu na miguu yake, nikazungusha mwanzo hadi mwisho mara thelathini hivi, nikaacha ikauke. Imetulia mpaka leo.

Nyie yenu ilikuwaje?

*Ilazo:*
Mkuu, mimi nilitia mafuta ya cherehani. Tafadhali msirudie kosa hili. Wiki mbili ilikuwa safi, kisha ikawa mbaya kuliko mwanzo, maana mafuta yanashika vumbi. Ikabidi kubadilisha kitufe chenyewe, na hapo nikapata somo la pili. Yangu iliandikwa A50K. Fundi akaweka B50K, akasema 50 ni 50. Kweli ukinzani ni ule ule, kiloomu 50, ila A hupanda taratibu mwanzoni kufuata masikio yetu, B hupanda kwa kiwango kile kile mwanzo hadi mwisho. Matokeo yake nikigusa kidogo tu sauti inajaa nyumba, na kuzungusha kulikobaki hakubadilishi kitu. Someni herufi, na hesabuni miguu: yangu ilikuwa na sita, mitatu kwa kila upande wa spika.

*Kisasa:*
Yangu haikuwa spika. Kila nikiingia kwenye kikao cha mtandaoni, muziki unashuka wenyewe. Kumbe Windows ikihisi kuna simu hupunguza sauti nyingine kwa asilimia 80. Ingia mipangilio ya sauti ile ya zamani, sehemu ya mawasiliano, chagua isifanye chochote. Imekwisha.

*Mpwapwa:*
Kwangu ni jeki, lile tundu la kuchomekea waya wa sauti. Ukitikisa waya, sauti inakuja na kuondoka. Nilibadilisha waya mara mbili bure, hadi nilipoangalia bodi kwa tochi: lehemu ya mguu mmoja imepasuka duara, ufa mwembamba kama unywele. Kulehemu upya dakika tano.

*Manyoni:*
Angalieni na taa ya chumbani. Yangu ilikuwa inafifia saa moja jioni tu, na taa nayo inafifia pamoja nayo. Ni umeme mdogo. Stabilaiza, kile kifaa cha kusawazisha umeme, ikamaliza.

*Nkuhungu:*
Asanteni sana wakuu, hiyo ya taa sikuwahi kuifikiria. Mkuu wa Ilazo, A50K ya miguu sita uliipata wapi? Ya jirani yangu imekwisha kabisa, dawa haisaidii tena.

*Ilazo:*
Madukani niliikosa. Nilimkuta fundi redio Majengo, akaichomoa kwenye redio mbovu. Elfu mbili. Nenda na ile ya zamani mkononi, mlinganishe na urefu wa shina.