Nadharia ya nyuzi: miaka 40 bila kipimo, waendelee kulipwa?

Mwalimu_Fizikia: Wadau, tangu 1984 wataalamu kibao wamezama kwenye nadharia ya nyuzi (wazo kwamba kila chembe ni uzi mdogo mno unaotetemeka) wakitaka nadharia ya Einstein ya mvutano, yaani graviti, ipatane na kwantamu, fizikia ya vitu vidogo kama atomu, na hadi leo hakuna jaribio hata moja lililoithibitisha. Mi naona serikali zao zipeleke hizo hela kwenye vipimo. Sisi Afrika wala haituhusu, hatujachangia hata tofali.

Binti_Malindi: Hapo kwenye tofali umenikera. Setilaiti ya Uhuru, ya kupima eksirei za angani, ilirushwa huku kwetu, jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya ndo maana ikaitwa hivyo, na ndiyo iliyogundua Cygnus X-1, lile shimo jeusi, kitu chenye mvutano mkali hata mwanga hautoki. Rudia tena haituhusu!

Fundi_Saa: Dada, setilaiti ya Wamarekani, jukwaa la Waitaliano, sisi tumetoa bahari. Mwenye kiwanja hajajenga nyumba.

Binti_Malindi: Walikuja kwa sababu tuko jirani na ikweta, mzunguko wa dunia unaisukuma roketi. Babu yangu alikuwa mvuvi Ngomeni, mpaka anakufa alikuwa anatuhadithia ule moto unavyopanda. Usiniambie bahari tu.

Nyota7: Rekebisho dogo, Cygnus X-1 ilishaonekana 1964 kwa roketi. Uhuru ilionyesha eksirei zake zinabadilika ndani ya chini ya sekunde moja, yaani kitu chenyewe ni kidogo mno, hapo ndo watu wakaanza kusema shimo jeusi.

Kijana_Kwanta: Jamani mada! Einstein alitabiri mawimbi ya mvutano 1916, LIGO, mitambo ya Wamarekani ya kuyanasa, wakayapata 2016, miaka mia kamili. Nyuzi mnazipa 40 tu?

Nyota7: Yalinaswa 14 Septemba 2015, 2016 yalitangazwa.

Fundi_Saa: Halafu Einstein hakungoja miaka mia, 1919 tu Eddington, mwanafalaki Mwingereza, alishapima mwanga wa nyota ukipinda kwenye kupatwa kwa jua. Na GPS yako leo, saa za kwenye setilaiti zake zinawahi maikrosekunde 38 kwa siku, zisiporekebishwa ramani inakupoteza kilomita kama 10 kwa siku. Nyuzi zimerekebisha nini?

Mwalimu_Fizikia: Binti, usinifanye msaliti. Nimefundisha fizikia miaka 22, maabara haina hata pendulamu, nachora ubaoni watoto wanaotea tu. Nikisema tofali najua ninachosema.

Binti_Malindi: Pole mwalimu, hilo sikulijua. Ila hao watoto umeshawahi kuwaambia habari ya Uhuru?

Mwalimu_Fizikia: Sijawahi. Kwenye kitabu haimo.

Binti_Malindi: Basi tuanzie hapo. Roketi ya mwisho ilipanda pale 1988, na huku vijana wanapita na mashua hawajui ni nini.