Ndevu au sauti: Conchita Wurst alishinda kwa nini mwaka 2014?

Mwanzisha mada

Wakuu, kuna hoja moja imenichosha masikio. Kila jina la Conchita Wurst likitajwa, hakosi mtu wa kusema, "Yule? Yule alishinda kwa ndevu." Yaani usiku wa tarehe 10 Mei 2014, kwenye fainali ya Eurovision, shindano la nyimbo la nchi za Ulaya, jijini Copenhagen, Ulaya nzima ilimwona mtu mwenye gauni refu linalometameta, nywele mpaka mabegani na ndevu za kuchongwa, ikashangaa, na kwa mshangao huo ikampa kombe. Mimi napinga. Naweka hoja mezani, mnishambulie.

Kwa asiyemjua: jina lake la kuzaliwa ni Tom Neuwirth, alizaliwa 1988 Gmunden, Austria, akakulia Bad Mitterndorf, mji mdogo wa milimani ambako wazazi wake walikuwa na nyumba ya wageni. Utotoni alipenda magauni, shuleni akaonewa vibaya kwa sababu anapenda wanaume wenzake. Conchita ni mhusika aliyemuumba mwenyewe kwa ajili ya jukwaa. Hiyo ndiyo sanaa ya dragi, yaani kupanda jukwaani kwa mavazi na sura ya jinsia nyingine. Alimtungia hata asili ya uongo, eti kazaliwa kwenye milima ya Kolombia na kulelewa Ujerumani. Jina la Wurst maana yake soseji, na Wajerumani wakisema jambo fulani "kwangu ni soseji" wana maana ya potelea mbali, sijali. Jina zima ni utani. (Magazeti ya Ulaya yalihangaika sana kama waandike "he" au "she". Yeye mwenyewe alieleza kuwa Tom ni mwanamume na Conchita ni mwanamke. Kiswahili kinatuepusha na hilo, "yeye" anatosha.)

Sasa tazameni njia aliyopita. Msimu wa 2006–2007 aliingia Starmania, shindano la kusaka vipaji la ORF, shirika la utangazaji la umma la Austria. Aliingia kama Tom, kijana wa kawaida bila gauni. Akawa wa pili. Mwaka 2007 akatiwa kwenye kundi la vijana wa kiume lililoitwa Jetzt anders!, likavunjika mwaka huohuo. Akaenda kusomea mitindo ya mavazi Graz, akamaliza 2011. Mwaka huo ndipo Conchita alipojitokeza kwenye televisheni, katika Die große Chance. Nafasi ya sita. Mwaka 2012 akagombea kuiwakilisha Austria Eurovision, akakosa kwa tofauti ndogo sana. Katikati hapo alikubali na vipindi ambavyo msanii mwenye maringo angevikwepa: kimoja kilimpeleka kufanya kazi kiwanda cha samaki, kingine kikampeleka hadi Namibia.

Mnaona ninakoelekea? Ndevu zilikuwepo 2011, akawa wa sita. Ndevu zilezile zilikuwepo 2012, akashindwa na kundi la Trackshittaz lililoimba wimbo wa kutikisa makalio. Kama ndevu zinashinda, zilikuwa wapi miaka ile? Kitu kipya mwaka 2014 kilikuwa wimbo. "Rise Like a Phoenix" unaanza chini, taratibu, halafu unapanda na vinanda na tarumbeta mpaka kwenye noti ndefu ambayo ukiikosa umeumbuka mbele ya mataifa 37. Hakuikosa. Alisimama peke yake, bila wachezaji, hatembei huku na huko. Ukimfumba mtu macho akausikia, atadhani ni wimbo wa kufungulia sinema ya kijasusi. Tena unasimulia habari ya kiumbe aliyeungua akainuka kutoka majivuni, na aliyesimama nao ni mtu aliyekwishaanguka mara nne hadharani. Maneno yalipata mwenyewe.

Na wala hakuwa wa kwanza kupanda jukwaa lile kwa dragi. Slovenia ilipeleka watatu waliojiita Sestre mwaka 2002, wakaishia nafasi ya 13. Denmark ilimpeleka DQ mwaka 2007, hata nusu fainali hakuvuka. Mwaka huohuo Verka Serduchka wa Ukraine akawa wa pili, lakini yule ni mchekeshaji, watu walimpigia kura huku wamejishika mbavu. Kumpa kombe mtu wa dragi anayeimba kwa uzito wote, bila kuchekesha, hilo halikuwahi kutokea. Karibuni.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, umeandika vizuri ila umeruka kiunzi. Wimbo mzuri sikatai. Lakini mbona hukutaja mwaka wenyewe ulikuwaje? Juni 2013 Urusi ilipitisha sheria ya kuzuia kile ilichokiita propaganda ya mahusiano yasiyo ya asili mbele ya watoto. Machi 2014 ikaitwaa Crimea kutoka Ukraine. Miezi miwili baadaye ndiyo Eurovision, na ukumbini Copenhagen wasichana mapacha walioiwakilisha Urusi walizomewa kila nchi ilipowapa pointi. Wasichana wa miaka 17 wanazomewa kwa sababu ya serikali yao! Halafu unaniambia katika ukumbi huo watu walikuwa wanapima noti?

Na bado. Kabla ya shindano kulikuwa na barua za kuomba Conchita akatwe kwenye matangazo, Belarus na Urusi. Kila barua ya namna hiyo ilimwongezea wapenzi upande wa pili. Alipopokea kombe akasema ushindi ni wa kila anayeamini katika amani na uhuru, na kwamba hawazuiliki. "Hatuzuiliki" ni kina nani? Hiyo ni hotuba ya mwanasiasa. Oktoba mwaka huohuo akaimba kwenye Bunge la Ulaya, Novemba akaimba ofisi za Umoja wa Mataifa Vienna mbele ya Ban Ki-moon, katibu mkuu wa umoja huo wakati ule. Mwimbaji gani mwingine wa Eurovision alialikwa huko kwa sababu ya sauti?

Jambo la mwisho. Mnasema "watu walimchagua". Uingereza ilimpa pointi 12, ambazo ndizo za juu kabisa nchi inazoweza kutoa, lakini wananchi wake waliopiga simu waliwaweka Poland wa kwanza, wale wasichana waliokuwa wakisukasuka maziwa kutoa siagi jukwaani. Majaji ndio walioiweka Poland mwisho kabisa, ikaondoka bila kitu. Kwa hiyo Uingereza ya majaji na Uingereza ya sebuleni zilikuwa nchi mbili.

Mwanzisha mada

Ndugu yangu, asante, hii ndiyo hoja niliyokuwa naisubiri, maana umeshika kisu kwenye makali.

Kwanza kanuni, ili wote twende sawa. Mwaka ule kila nchi ilikuwa na majaji watano, na kura za simu za wananchi. Majaji walipanga nyimbo zote kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, wananchi wakapanga zao, halafu safu hizo mbili zikaunganishwa nusu kwa nusu. Kwa hiyo majaji wakikuweka mkiani, hata wananchi wakupende vipi, unaweza kutoka mikono mitupu. Ndicho kilichowapata Poland kule Uingereza, umesema kweli.

Sasa igeuze kanuni hiyohiyo uitazame mashariki. Armenia na Belarus hazikumpa Conchita hata pointi moja. Ukiishia hapo utasema, naam, mashariki walimkataa. Lakini kura zilipochapishwa, wananchi wa Armenia walikuwa wamemweka wa pili. Wa Belarus, nchi ileile ya barua, wamemweka wa nne. Warusi waliokaa sebuleni kwao, wakatoa hela zao mfukoni kupiga simu, wamemweka wa tatu! Waliomzika ni majaji. Mtu wa Minsk, mji mkuu wa Belarus, aliyempigia Conchita kura alikuwa anaikomoa Urusi kwa ajili ya Crimea? Haiingii akilini. Alisikia wimbo akaupenda, basi.

Na zile pointi 12 alizipata kutoka nchi 13. Kama ni siasa za Magharibi, nieleze Ugiriki, nchi ya Waorthodoksi, ilitoa 12 yake kwa hesabu gani. Slovenia nayo ilitoa 12, na Slovenia ndiyo iliyogombana yenyewe kwa yenyewe mwaka 2002, watu wakiandamana kwa sababu Sestre walichaguliwa. Jumla akafika 290, Uholanzi ya pili 238. Pengo la pointi 52.

Kuhusu Bunge la Ulaya nakubaliana nawe. Pale aliitwa kama alama. Lakini hayo yalikuja baada ya ushindi, huwezi kuyafanya yawe chanzo cha ushindi.

Mchangiaji wa pili

Mimi ni dada yenu, naomba niwatoe Copenhagen niwarudishe Vienna, maana mnabishana juu ya ushindi wakati ugomvi wenyewe wa wananchi wa Austria ulianza miezi minane kabla.

Septemba 2013 ORF ilitangaza kwamba Conchita ndiye atakwenda. Hakuna mchujo wala kura. Ndani ya siku nne ukurasa wa Facebook wa kumpinga ulipata zaidi ya watu 31,000. Wengi tunapenda kusema wale wote walikuwa wabaguzi, na sina shaka wabaguzi walijaa tele. Ila wamo waliokuwa na swali la haki kabisa: ORF inaendeshwa kwa ada tunayolipa wananchi, 2012 na 2013 mlifanya mashindano ya wazi, safari hii mmekaa ofisini mkaamua. Kwa nini? Tena mmemchukua mtu ambaye 2012 wapigakura walimpima na kumwacha.

Kaka mwanzisha mada, wewe unasema ndevu hazikushinda. Mimi nasema kama si wakubwa wachache ndani ya ofisi, huyo Conchita asingefika hata kwenye ndege ya kwenda Copenhagen. Hilo mbona hulisemi?

Mwanzisha mada

Dada, hapo umenishika. Nililiruka, na nililiruka kwa makusudi kwa sababu linanisumbua.

Rekodi yenyewe iko hivi. Mwaka 2011 Austria ilimpeleka Nadine Beiler, yuleyule aliyemshinda Tom kwenye Starmania, akawa wa 18. Mwaka 2012 wapigakura wakawachagua Trackshittaz badala ya Conchita. Walikwenda Baku, kulikofanyika Eurovision mwaka ule, wakawa wa mwisho kabisa kwenye nusu fainali, pointi 8. Mwaka 2013 Natália Kelly hakuvuka nusu fainali. Na kabla ya hapo nchi hiyo haikuwa imeshinda tangu Udo Jürgens mwaka 1966. Kwa hiyo ORF waliangalia miaka 48 ya ukame, wakasema safari hii tunachagua wenyewe.

Walipatia. Lakini kupatia si sawa na kuwa na haki ya kuwanyima watu kura, na hapo nakubali kwamba waliolalamikia utaratibu hawakujibiwa. Walijibiwa na kombe. Rais na kansela, yaani mkuu wa serikali, wakapongeza, Vienna ikaandaa shindano la 2015, jiji likaweka hadi taa za barabarani zenye picha za wapenzi wawili wawili, wengine wa jinsia moja, na swali la utaratibu likafunikwa na shangwe. Kama angekuwa wa 20, nadhani meneja fulani angepoteza kazi.

Mchangiaji wa tatu

Mnasifia sauti, sawa. Nitajieni basi wimbo wake wa pili. Uingereza "Rise Like a Phoenix" uliishia namba 17, na baada ya hapo kimya. Adele hahitaji ndevu ili akumbukwe.

Mchangiaji wa nne

Mchangiaji wa tatu, kimya kwako wewe. Albamu yake ya kwanza ilishika namba moja Austria mwaka 2015. Mwaka 2018 akatoa albamu na okestra ya Wiener Symphoniker, na okestra ile haikodishwi kwa sababu ya ndevu. Mwaka 2019 akalitupa gauni, akatoka na kichwa kilichonyolewa, muziki wa kielektroniki, jina WURST peke yake. Wasimamizi wengi wangemwambia abaki na sura inayouza. Na Aprili 2018 alitangaza mwenyewe kwamba anaishi na virusi vya UKIMWI miaka mingi, kwa sababu mpenzi wake wa zamani alikuwa anamtishia kuitoa siri hiyo. Alimnyang'anya yule mtu silaha mkononi. Hilo halina uhusiano na kura, nakubali, ila mnaposema "alama ya siasa" mjue mnamzungumzia mtu wa namna gani.

Mwanzisha mada

Kwa mchangiaji wa tatu: washindi wengi wa Eurovision hawana wimbo wa pili unaojulikana nje ya kwao. Walio kama kundi la ABBA ni wa kuhesabika. Ukitumia kipimo hicho utawafuta karibu wote, wenye ndevu na wasio nazo.

Kwa mchangiaji wa kwanza, sijakuacha. Nakupa siasa: bila sheria ya Urusi na bila barua zile, huenda pengo lingekuwa dogo kuliko 52. Huenda. Dada naye nimempa ORF. Lakini ninyi wote wawili hamjaligusa swali nililoanza nalo. Mwaka 2012 mtu alikuwa yuleyule, gauni lilikuwepo, ndevu zilikuwepo, akaangushwa na wimbo wa makalio. Nijibuni hapo, kisha tuendelee.