Mjadala: Kiwanda kikiua washonaji, kampuni ya ng'ambo iliyoagiza nguo iwajibike?

Wadau, hili linajirudia kila yanapotokea maafa. Wapo wanaosema kampuni yenye maduka Ulaya au Marekani ni mteja tu: kiwanda si chake, jengo si lake, washonaji hakuwaajiri. Jengo likianguka, akabanwe mwenye jengo na serikali iliyomwachia. Mimi sikubali, na mwenye hoja tofauti aje nayo.

Chukueni jengo la Rana Plaza, kule Savar, nje kidogo ya Dhaka, mji mkuu wa Bangladesh. Tarehe 23 Aprili 2013 kuta zilionekana zina nyufa. Benki na maduka ya ghorofa za chini yakafunga. Washonaji wa viwanda vitano vya ghorofa za juu wakaambiwa warudi kazini kesho yake, wengine kwa kutishiwa kukatwa mshahara. Asubuhi umeme ukakatika, jenereta kubwa zilizokuwa ghorofani zikaanza kunguruma, na jengo zima la ghorofa nane likaporomoka. Walikufa watu zaidi ya 1,100. Ghorofa za juu zilikuwa zimeongezwa kinyume cha sheria, kwa hiyo mwenye jengo ana hatia na serikali ilizembea, hapo hatubishani. Lakini mbona benki iliweza kufunga na viwanda havikuweza? Benki haikuwa na oda yenye tarehe ya meli. Mwenye kiwanda akichelewa, mnunuzi humkata bei, au humlazimisha asafirishe mzigo kwa ndege kwa gharama zake, na msimu ujao oda inakwenda kwa mwingine. Anayepanga bei na tarehe ana mkono wake katika uamuzi wa asubuhi ile, hata kama hajawahi kukanyaga Savar.

Mtaniambia kampuni hizo hutuma wakaguzi. Haya, Karachi, Pakistan, Septemba 2012: kiwanda cha nguo cha Ali Enterprises kiliwaka moto, madirisha yana nondo, milango ya kutokea imefungwa, wakafa watu zaidi ya 250. Wiki chache tu kabla ya hapo kilikuwa kimepewa SA8000, cheti cha kimataifa cha haki za wafanyakazi, ambacho usalama kazini ni moja ya masharti yake! Mnunuzi mkuu alikuwa KiK ya Ujerumani. Mwaka 2016 ilikubali kulipa fidia ya zaidi ya dola milioni 5, ila kwa makubaliano, si kwa hukumu. Kesi iliyofunguliwa dhidi yake Dortmund, Ujerumani, ilitupwa mwaka 2019 kwa sababu muda wa kudai ulikuwa umepita.

Ndiyo maana mimi nataka mkataba wenye meno. Mfano upo. Baada ya Rana Plaza, kampuni kama H&M na Inditex zilisaini na vyama vya wafanyakazi mkataba wa usalama wa viwanda vya Bangladesh, uitwao Accord; hatimaye zikafika zaidi ya 200, na viwanda zaidi ya 1,600 vikakaguliwa. Tofauti yake na ukaguzi wa kawaida ni kwamba kampuni ikikiuka, vyama vinaweza kuishtaki. Na viliishtaki: mashauri mawili yalifikishwa kwenye usuluhishi The Hague, Uholanzi, na mwaka 2018 kampuni moja ikakubali kulipa zaidi ya dola milioni 2, nyingi zikiwa za kurekebisha viwanda. Walmart na Gap, kampuni za Marekani, walikataa kusaini, wakaunda umoja wao.

"Mkiwabana watahama, na washonaji watakosa kazi." Hii hoja siidharau, maana anayekosa kazi si mimi. Ila Bangladesh ilibanwa miaka mitano mfululizo na mauzo yake ya nguo nje yakazidi kukua.

Kinachonitatiza ni kazi inayopitishwa mlango wa nyuma. Novemba 2012 Tazreen, kiwanda cha nguo cha Bangladesh, kiliungua, watu wasiopungua 112 wakafa, na ndani zilikutwa nguo za Walmart. Walmart wakasema msambazaji wao alipeleka kazi pale bila idhini. Tuseme ni kweli. Je, kutojua kuifute dhamana? Naona hapana, kwa sababu bei ikishuka kuliko gharama za kiwanda chenye milango ya kutokea moto ukiwaka, kazi lazima itafutiwe kiwanda kisicho nayo. Lakini mwanasheria atauliza: utathibitishaje mahakamani kwamba bei ndiyo iliyoipeleka oda pale? Hapo ndipo nawasubiri, hasa mlio kwenye biashara ya kuagiza nguo.