Vipimo vya mvua vya Februari vyagoma kuingia kwenye matrisi

Swali, kutoka Moshi:
Ndugu zangu, habari za jioni. Nina mafaili 12 ya maandishi, moja kwa kila mwezi, yenye vipimo vya mvua vya kila siku kutoka shambani kwetu Kibosho, ambavyo ninavipanga katika matrisi (jedwali la namba) moja ya MATLAB, programu ya hesabu, kwa amri M(:,m) = v, ambapo m ni namba ya mwezi na v ni vipimo vyake. Januari huingia vizuri, lakini Februari programu husimama ikidai kwamba ukubwa wa pande mbili haulingani.

Jibu la kwanza:
Safu yako ina nafasi 31, ilhali Februari ina vipimo 28, na nukta mbili (:) zinadai nafasi zote za safu zijazwe. Anza na M = NaN(31,12), yaani jedwali lililojaa NaN, alama ya nafasi isiyo na namba, kisha andika M(1:numel(v),m) = v; numel(v) ni idadi ya vipimo vya mwezi huo. Tafadhali usijazie sifuri, kwa sababu sifuri ni siku iliyopimwa ikakosa mvua, si siku isiyokuwapo.

Jibu la pili, Arusha:
Naam. Unapotafuta wastani, ongeza 'omitnan' ili NaN zirukwe, la sivyo kila mwezi wenye siku chini ya 31 utakupa NaN.

Muulizaji:
Ahsanteni, Februari imeingia. Cha ajabu, Aprili imepita kimya kimya ikiwa na namba 31. Kumbe mwandishi aliweka jumla ya mwezi mwishoni mwa faili.