Kesi imeondolewa kortini: nimruhusu awavishe wasichana wangu medali?

kocha_eastlands

Wadau, salaam. Usiku wa tatu huu sijalala vizuri. Mimi ni kocha wa timu ya soka ya wasichana wasiozidi miaka 14 hapa Eastlands, Nairobi. Uwanja wetu ni vumbi tupu na goli moja halina nyavu, lakini wasichana ni 22 na mazoezi hawakosi. Jumamosi ijayo tuna fainali ya kombe letu dogo. Mfadhili anayetununulia jezi na njumu amealika mgeni wa heshima, mchezaji wa ligi aliyekulia mtaa huu huu. Watoto wanamjua. Picha yake iko kwenye ukuta wa kinyozi.

Mwaka jana alishtakiwa kumpiga mwanamke aliyekuwa akiishi naye. Wiki ile nilimkuta huyo dada dukani akinunua maziwa, mkono una plasta hadi kwenye kiwiko, akimwomba mwenye duka amfungulie pakiti. Sikumwona akipigwa. Niliuona mkono tu. Kesi ikaahirishwa, ikaahirishwa tena, kisha tukasikia imeondolewa na jamaa akarudi kucheza.

Mfadhili ananiambia, "Korti imemsafisha, wewe ni nani?" Jana beki wangu mmoja, ana miaka 13, aliniuliza huku akifunga kamba za viatu: "Kocha, ni yule alivunja dada mkono ndiye atatupea medali?" Nikamwambia akimbie mizunguko miwili. Jibu hilo linanitia aibu hadi sasa.

Nikimkataa, nitakuwa nimemhukumu mtu ambaye korti haikumhukumu? Nikimkubali, nitawaambia nini wasichana?

mwana_wa_makadara

Kocha, pole, lakini mimi nitasema lisilopendwa. Ibara ya 50 ya Katiba inasema mshtakiwa hana hatia hadi ithibitishwe vinginevyo. Ndugu yangu alisingiziwa, akaachiliwa baada ya kesi kusikizwa yote, na mpaka leo kuna nyumba hapa mtaani hawampi mkono. Tazama Benjamin Mendy, aliyekuwa beki wa Manchester City, aliyeshtakiwa kwa ubakaji. Alisikizwa katika kesi mbili, na kufikia Julai 2023 alikuwa ameonekana hana hatia katika mashtaka yote. Mshahara ulikuwa umesimamishwa tangu 2021, na ikabidi aende baraza la kazi kudai. Mwaka 2024 likaamua alipwe sehemu kubwa. Nani atamrudishia ile miaka?

karani_mstaafu

Nimefanya kazi ya faili za korti miaka mingi. Kocha, kwanza uliza: imeondolewa *vipi*? Watu husema "ameachiliwa" kana kwamba mlango ni mmoja.

Kwenye Sheria ya Mwenendo wa Mashtaka ya Jinai, kifungu cha 87(a), kiongozi wa mashtaka anaweza kuondoa kesi. Ikiwa mshtakiwa bado hajaitwa kujitetea, anaweza kushtakiwa upya kwa mambo yale yale. Kifungu cha 204 ni tofauti. Hapo mlalamishi mwenyewe ndiye anayeomba kuondoa lalamiko, na hakimu akikubali, mshtakiwa anaachiliwa huru kabisa. Cha 202 ni pale mlalamishi asipofika siku ya kusikizwa. Halafu kuna ile ya ndugu yake mwana_wa_makadara: mashahidi wameitwa, wamehojiwa, hakimu amepima ushahidi na kuona hautoshi. Hiyo ya mwisho ndiyo ya kuheshimu zaidi, kwa sababu kuna mtu aliyesikiliza pande zote. Katika zile nyingine, huenda hakuna shahidi hata mmoja aliyefungua kinywa mbele ya hakimu.

Na kipimo cha jinai ni kizito makusudi, kwa sababu mtu atafungwa. Ndiyo maana huko Marekani O.J. Simpson, mchezaji maarufu wa zamani, aliachiliwa 1995 katika kesi ya mauaji, na 1997 kesi ya madai kuhusu vifo vile vile ikamwamuru alipe dola milioni 33.5. Vipimo viwili tofauti.

nyota_ya_kayole

Mimi niliondoa kesi. Si ya huyu, ya mtu mwingine, si mwanasoka. Niwaambie ilivyokuwa, maana watu hudhani ukiondoa ulikuwa unadanganya.

Fomu ya P3, ile ya polisi ya kuandika majeraha, ilijazwa vizuri. Daktari aliandika kila kitu. Lakini kila tarehe ya korti nilikuwa napoteza siku ya kibarua, nauli, na mtoto namwachia jirani. Mara ya tatu mama mkwe alikuja na wazee na kreti ya soda, wakaketi kwangu hadi saa nne usiku. "Mwanangu, ukimfunga nani atalipa karo?" Asubuhi nikaenda kusema nimemsamehe. Hakimu akaniuliza kama nimelazimishwa, nikasema hapana. Yule aliyenipiga alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwangu.

Kocha, nakuomba kitu kimoja: usimtafute huyo dada umuulize ukweli ndio uamue. Mwache apumzike.

shabiki_wa_nyayo

Mashtaka ya kujaribu kubaka na kushambulia dhidi ya Mason Greenwood, aliyekuwa mchezaji wa Manchester United, yalifutwa Februari 2023 baada ya mashahidi muhimu kujiondoa na ushahidi mpya kupatikana. Klabu yake ikachunguza, ikasema imeridhika kwamba hakutenda makosa aliyoshtakiwa, na bado ikaachana naye. Uamuzi wa klabu na wa korti si kitu kimoja, na wewe pia una timu.

Na tusisahau ya kwetu. Mwanariadha Agnes Tirop aliuawa Iten Oktoba 2021, mwezi mmoja tu baada ya kuvunja rekodi ya dunia ya kilomita 10 barabarani, mbio za wanawake pekee, kule Ujerumani. Mume wake alishtakiwa, akakana. Mkimbiaji Rebecca Cheptegei wa Uganda alichomwa kwa petroli Trans Nzoia, akafariki Septemba 2024. Aliyedaiwa kumchoma akafa siku chache baadaye kwa majeraha ya moto ule ule, kwa hiyo hakuna hakimu aliyewahi kuisikiza kesi hiyo. Wasichana wako wanazijua habari hizi.

karani_mstaafu

Niongeze: usisimame mbele ya watu useme "ni mpigaji". Hapo atakushtaki wewe. Kuchagua mgeni wa fainali ya watoto hakuhitaji kutangaza hatia ya mtu.

mwana_wa_makadara

Hilo nakubali. Kama hatatajwa kwa ubaya, sina neno.

kocha_eastlands

Asanteni nyote. nyota_ya_kayole, maneno yako nimeyasoma mara mbili.

Leo jioni niliita wazazi, wakaja kumi na sita. Niliwaambia ninachokijua na nisichokijua, na kwamba simwiti mtu mhalifu. Baba mmoja alipinga sana, akasema tunamharibia kijana riziki. Tukamsikiliza mpaka akamaliza. Mwishowe tulikubaliana medali zitolewe na refa wetu, dada aliyewahi kuchezea timu hii.

Kisha nikampigia mfadhili. Alikata simu kabla sijamaliza, baadaye akatuma ujumbe kwamba jezi za muhula ujao nisahau.

Beki wangu nilimtafuta baada ya mazoezi, nikamwomba msamaha kwa ile mizunguko. Nikamwambia korti haikumpata na hatia, mimi sikuwepo, na medali atavishwa na mtu mwingine. Akauliza, "Na yule dada, mkono ulipona?" Nikamwambia sijui.

Kama kuna anayemjua fundi wa jezi wa bei nafuu, Kamukunji au popote, anipe nambari. Nahitaji 22, saizi za watoto.