Makaa ya mawe ya Mchuchuma yageuzwe gesi ya kupikia, tunasubiri nini?

Mwana Ludewa: Wakuu, serikali inataka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Makaa ya Mchuchuma, huku kwetu Ludewa, yamelala ardhini tangu enzi za babu zetu. Marekani, kule North Dakota, wana kiwanda kinachogeuza makaa kuwa gesi tangu 1984. Sisi tunamaliza misitu kwa mkaa na kuagiza gesi kwa meli. Kwa nini tusijenge chetu? Leteni hoja, siasa wekeni pembeni.

Mkemia Mbezi: Kinawezekana kabisa. Makaa unayapiga mvuke na oksijeni kwenye joto kali, unapata haidrojeni na kaboni monoksaidi. Unasafisha salfa yote, maana hata kidogo tu inaua nikeli, kichocheo cha hatua inayofuata, kisha unazipitisha gesi hizo mbili juu ya hiyo nikeli ziungane kuwa methani na maji. Ni methani ileile ya gesi asilia ya Songo Songo. Lakini hao wa North Dakota walijenga kwa mkopo uliodhaminiwa na serikali, bei ya gesi ikaporomoka, 1985 wenye kiwanda wakashindwa kulipa. Serikali ikabaki nacho hadi ilipokiuza 1988. Sisi tuna gesi asilia futi za ujazo kama trilioni 57, nyingi bado iko chini ya bahari. Ya nini kutengeneza kwa gharama kitu ulichonacho?

Mama Lishe Temeke: Samahani kaka Mkemia, hiyo gesi itaingia kwenye mtungi wangu?

Mkemia Mbezi: Hapana dada. Ya mtungi ni propani na butani, zinakubali kuwa kimiminika kwa mgandamizo mdogo. Methani inataka bomba mpaka jikoni, au mtungi mzito kama wa bajaji za gesi.

Kigogo wa Kariakoo: Bomba? Mmesahau 2013? Wenzetu wa Mtwara walichoma mpaka nyumba za watu, "gesi haitoki". Kesho Ludewa nao watasema makaa hayatoki.

Korosho Safi: Wewe Kigogo, usituchezee. Nilikuwepo Mtwara. Tuliuliza swali moja: bomba linakwenda Dar, sisi tunabaki na nini? Tulijibiwa kwa mabomu ya machozi, watu wakafa. Leo unapita hapa kutusimanga?

Kigogo wa Kariakoo: Sijasimanga mtu. Bomba la kilomita 500 na zaidi lilijengwa, likazinduliwa 2015, na umeme wake hata wewe unautumia. Bila hilo tungekuwa gizani.

Korosho Safi: Umeme ninaukubali. Nijibu la jikoni. Jirani zangu wanapikia kuni na bomba linaanzia kwetu!

Mwana Ludewa: Jamani, mada ni makaa. Na wewe Kigogo, Ludewa hatujawahi kukataa mradi. Fidia tumeisubiri mpaka wazee wengine wamezikwa.

Mbinga Juu: Mnaongea makaa kana kwamba hayachimbwi. Njooni barabarani kwetu. Malori ya makaa ya mgodi wa Ngaka yanapita usiku na mchana kwenda bandari ya Mtwara, mengine turubai limefunga nusu. Ukianika mahindi asubuhi, jioni ukipitisha kiganja kinatoka cheusi. Mkijenga kiwanda cha gesi, hilo vumbi litapungua au litaongezeka?

Mkemia Mbezi: Swali zuri. Kiwanda kikiwa mgodini, malori hayana kazi, kinachosafiri ni gesi. Tatizo linalobaki ni hewa ukaa, nayo ni nyingi mno. Kile cha North Dakota tangu 2000 kinaisukuma kwa bomba hadi Kanada, inaingizwa kwenye visima vya mafuta. Sisi tutaisukuma wapi?

Kigogo wa Kariakoo: Korosho, unasema watu walikufa. Na mali za wasiohusika zilizochomwa?

Korosho Safi: Hata hizo zinaniuma, baadhi ni za ndugu zangu. Lakini usilinganishe paa na roho ya mtu.

Mbinga Juu: Mkemia nimekusoma. Kwa hiyo kabla ya kiwanda, sheria ya turubai isimamiwe, trafiki wapo pale mizani kila siku.

Mama Lishe Temeke: Na mimi bado nimesimama palepale. Hilo bomba la 2015 limefika Dar, Mikocheni kuna nyumba zinapikia hiyo gesi. Temeke kwa wapika chakula linakuja lini? Nani ana mtu ofisini anayeweza kutujibu?

Mwana Ludewa: Dada, fungua uzi wako.

Mama Lishe Temeke: Huu si wa gesi ya kupikia?